Vinasaba vya vimelea: Kyela isingoje kupimwa na mnunuzi

Na Mwandishi wa Ukurasa wa Masoko, Kyela

KATIKA biashara ya mazao, mwenye mizani ndiye mwenye kauli. Mkulima wa mpunga wa Talatala hahitaji kufundishwa jambo hilo. Amekwisha kulilipia kila msimu ambapo mnunuzi alimdai gunia la lumbesa kisha akamlipa bei ya gunia la kawaida. Ndiyo maana kelele zote za lumbesa nchini zimeishia kwenye dai moja tu: kuwe na mizani, na muuzaji aione.

Leo ukurasa huu unazungumzia mizani nyingine, ambayo haimo sokoni wala kwenye ghala la ushirika. Imo maabara. Inapima usalama wa chakula kwa kusoma mpangilio mzima wa vinasaba vya kimelea kilichokutwa ndani ya chakula, yaani jenomu yake. Nchi zinazonunua bidhaa zetu zimekwisha kuiweka mizani hiyo katika sheria na taratibu zao. Sisi tunaouza tungali tunaiona kama jambo la wasomi wa vyuo vikuu. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la kibiashara, na wilaya kama Kyela, inayouza kakao ng'ambo, mchele Dar es Salaam na samaki pande zote za mpaka wa Kasumulu, itaulipia uzembe huo kabla ya wengine.

Kazi ya kipimo chenyewe

Msomaji asiogope maneno ya maabara. Zamani mkaguzi akikuta bakteria wa salmonela katika nyama, na mgonjwa hospitalini akakutwa na salmonela pia, alichoweza kusema ni kwamba wote wawili wana salmonela. Hiyo ni sawa na kusema mwizi na jirani yako wote ni wanaume. Zilikuja baadaye mbinu za kuwagawa bakteria katika aina na kuchora alama zao mfano wa alama za vidole, lakini alama hizo zilifanana mno baina ya wadudu wasiohusiana.

Kusoma jenomu ni jambo jingine. Jenomu ya salmonela ina herufi zipatazo milioni 4.8. Ya listeria inakaribia milioni 3. Maabara ikizisoma zote na kuzilinganisha, inaweza kuona kwamba kimelea cha mgonjwa na kimelea cha kiwandani vinatofautiana kwa herufi chache tu, na hivyo vina asili moja ya karibuni. Inaweza pia kuona kwamba vinatofautiana kwa mamia ya herufi, na hivyo havina udugu wa kuzungumzia. Kwa mfanyabiashara, jibu hili la pili lina thamani sawa na lile la kwanza, kwa sababu la kwanza linamtia hatiani mwenye kosa na la pili linamtoa asiye na kosa.

Idara ya chakula na dawa ya Marekani ilianza kujenga maktaba ya jenomu za vimelea vya chakula mwaka 2012. Kufikia 2019 mtandao wa maabara za afya za nchi hiyo ulikuwa umehamia kwenye kipimo hiki. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake mwaka 2023. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2025 kanuni inayozitaka mamlaka za nchi wanachama zisome jenomu za salmonela, listeria, E. koli na aina mbili za kampilobakta zinapochunguza mlipuko wa ugonjwa utokanao na chakula, utekelezaji ukipangiwa kuanza Agosti 2026. Tunazungumzia, basi, jambo lenye tarehe.

Funzo la samaki wa Ziwa Victoria

Ili kupima faida ya mizani hii, tukumbuke hasara ya kutokuwa nayo. Mwaka 1997 baadhi ya nchi za Ulaya zilikataa sangara wa Ziwa Victoria kwa madai ya salmonela. Desemba mwaka huohuo, wakati kipindupindu kikiwa kimeenea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Zuio halikutofautisha ziwa na bahari, wala kiwanda safi na kichafu. Nchi nne zilifungiwa mlango kwa ugonjwa uliokuwa kwa watu. Mapema 1998 WHO ilisema kwamba kufungia chakula kwa njia hiyo hakukuwa hatua inayofaa. Zuio liliondolewa katikati ya mwaka 1998, na mwaka 1999 likaja jingine, safari hii kwa sababu ya sumu za kuulia samaki.

Viwanda vya Mwanza, Kisumu na Jinja vilipunguza kazi, na mvuvi ambaye hajawahi kuiona Ulaya akakosa bei ya samaki wake. Je, muuzaji angejiteteaje? Hakuwa na ushahidi wowote unaomhusu yeye peke yake. Alikuwa na pasipoti ya nchi, na nchi ilikuwa imehukumiwa.

Linganisha na yaliyotokea Afrika Kusini miaka 20 baadaye. Kuanzia 2017 watu walianza kuugua listeria kwa wingi. Hadi mlipuko ulipotangazwa kuisha mwaka 2018 walikuwa wamethibitishwa wagonjwa 1,060, na zaidi ya 200 walikufa, wakiwamo watoto wachanga wengi. Taasisi ya magonjwa ya kuambukiza ya nchi hiyo ilisoma jenomu za vimelea vya wagonjwa na kuona kwamba karibu wote walikuwa na aina moja, iitwayo ST6. Tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, alitangaza kwamba aina hiyohiyo imekutwa katika kiwanda cha soseji za poloni cha Enterprise mjini Polokwane. Kiwanda cha kampuni nyingine kilichotajwa siku hiyo nacho kilikutwa na listeria, lakini kampuni hiyo ilitangaza baadaye kwamba vipimo havikukuta ST6 kwake.

Tazama tofauti. Sekta nzima ya nyama ya nchi ile haikubaki mtuhumiwa milele. Kidole kilielekezwa kwa mlango mmoja. Hata hivyo tusijidanganye. Nchi jirani, zikiwamo Msumbiji, Namibia, Botswana na Zambia, zilizuia nyama hizo zilizosindikwa mara tu tangazo lilipotoka. Kipimo kilimtaja mkosaji, lakini hakukuwa na makubaliano ya kikanda juu ya nini kifuate baada ya mkosaji kutajwa. Hilo ni pengo la sheria, na maabara haiwezi kuliziba.

Kakao yetu imo ndani

Pengine msomaji wa Kyela atasema kwamba poloni si zao lake. Basi tuje kwenye kakao, kwani sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka hapa na kwa jirani zetu wa Rungwe na Busokelo.

Mwaka 2022 watoto katika nchi nyingi za Ulaya waliugua salmonela, na usomaji wa jenomu uliwaunganisha wagonjwa hao na bidhaa za chokoleti za kiwanda cha Ferrero kilichopo Arlon, Ubelgiji. Kiwanda kilifungwa Aprili mwaka huo. Kufikia katikati ya Mei wagonjwa waliohesabiwa walizidi 300. Chokoleti inapotiliwa shaka, mtu wa kwanza kutazamwa anaweza kuwa muuza kakao, maana kakao hukaushwa juani, hupita mikono mingi, na hutoka nchi maskini. Lakini uchunguzi ulielekeza kwenye tangi la mazao ya maziwa ndani ya kiwanda chenyewe. Mkulima wa kakao hakuwa na hatia.

Safari ile ushahidi ulikuwa upande wa mkulima bila yeye kujua. Safari nyingine huenda usiwe. Mnunuzi akikuta kimelea ndani ya shehena, akasoma jenomu yake na kuiweka kwenye maktaba, atakuwa na ushahidi mkononi. Muuzaji atakuwa na nini? Ikiwa hapa nyumbani hakuna hata jenomu moja ya kulinganisha, kutoka kwenye vichanja vya kukaushia, maghala au magari ya kubebea, hatutaweza kusema kimelea kile si cha kwetu. Vilevile hatutaweza kusema ni cha ghala moja tu, na maghala mengine yaachwe yafanye biashara. Hiyo ndiyo lumbesa ya karne hii. Mizani ipo, lakini iko upande mmoja.

Ziwani kwetu

Upande wa ziwa hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kipindupindu si habari ya mbali kwa watu wa ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Malawi, ambayo tunachangia nayo maji haya, ilipata mwaka 2022 na 2023 mlipuko mkubwa kuliko wote katika historia yake: wagonjwa zaidi ya 58,000 na vifo zaidi ya 1,700. Watafiti waliosoma jenomu za vimelea vya mlipuko huo walikuta vina udugu wa karibu na vimelea vya Asia ya Kusini. Havikuwa masalia ya milipuko ya zamani ya Malawi. Utafiti mpana zaidi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba kipindupindu cha sasa kimeingia Afrika kutoka nje mara zisizopungua 11 tangu 1970.

Kwa mchuuzi wa usipa maana yake ni hii: ugonjwa ulifika ukiwa ndani ya mtu msafiri, na samaki hakuwa asili yake. Lakini haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Mwaka 2017 watafiti wakiwamo wa Tanzania walichukua sampuli 360 za samaki, mimea midogo ya majini na maji katika upande wetu wa Ziwa Victoria, wakati ambapo hakukuwa na mlipuko. Walipata vimelea 10 vya kipindupindu vya kundi la O1, na jenomu zilizosomwa zilikuwa za ukoo uleule unaoleta milipuko. Kwa hiyo mtu asisimame jukwaani na kutangaza kwamba samaki wa maziwa yetu hawana lolote. Kinachotakiwa ni kujua: mwalo gani, msimu gani, na kimelea gani. Usipa aliyekaushwa vizuri na kupikwa moto sawasawa ana hatari tofauti na samaki mbichi anayeoshwa kwa maji ya ufukweni. Kanuni inayowapiga marufuku wote kwa pamoja ni kanuni ya mtu asiye na taarifa.

Wapo watakaosema teknolojia hii haitufai sisi wa pembezoni. Lakini imekwisha kufika Kyela. Milipuko ya homa ya nguruwe ya Afrika ya miaka ya 2010 hadi 2012 iliikumba wilaya hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) walisoma sehemu ya vinasaba vya kirusi cha milipuko hiyo na kukuta ni cha kundi la pili, kundi lilelile lililoingia Georgia mwaka 2007, likaenea Ulaya na kufika China mwaka 2018. Ugonjwa huo haumpati binadamu, lakini huua nguruwe na kuua soko la kitimoto. Swali la mwandishi wa masoko ni moja: taarifa ya namna hiyo inapitia njia gani hadi imfikie mwenye banda, mwenye bucha na ofisa anayetoa kibali cha kusafirisha mifugo? Makala ya jarida la kisayansi, tena kwa Kiingereza, si njia ya kufikisha habari sokoni.

Hofu ya kusema kweli

Kuna hoja moja nzito inayopinga ninayoyasema, nami sitaki kuikwepa. Mwenye kupima hujianika. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walisoma jenomu ya aina mpya ya kirusi cha korona, iliyoitwa baadaye Omikroni, wakaitangaza kwa uaminifu. Katika siku chache Marekani ilizuia wasafiri kutoka nchi nane za kusini mwa Afrika, Malawi na Msumbiji zikiwamo. Aliyesema kweli aliadhibiwa pamoja na majirani zake. Kwa nini basi Tanzania isome vimelea vya samaki na kakao yake, iviweke kwenye maktaba ya dunia, halafu ingoje marufuku?

Jibu langu ni kwamba kutopima hakuzuii kupimwa. Mnunuzi atasoma jenomu bandarini kwake, utake usitake. Tofauti ni kwamba ukiwa na maktaba yako unajua mapema, unasafisha mapema, na unakwenda mezani ukiwa na karatasi. Hata hivyo hofu hiyo ni ya haki, na inatuonyesha kwamba mashine ikija bila kanuni italeta balaa. Ni lazima iandikwe nani anaona taarifa, lini, na inatumikaje.

Kuna na hoja ya pili, ya mama anayekausha usipa ufukweni. Atauliza: tutazungumzaje jenomu wakati mwalo hauna choo, maji ya bomba hayatoki, na samaki wanaanikwa mchangani? Ana haki. Shilingi ya kwanza iende kwenye choo, maji na vichanja vya kuanikia. Jenomu haisafishi samaki. Lakini shilingi ya pili ikitumika vizuri itaonyesha choo kijengwe mwalo upi kwanza, na kama uchafu unatoka kwenye vichanja au unatiririka na mto.

Hapo kuna tahadhari ambayo wakaguzi wetu wanapaswa kuikariri. Jenomu huonyesha udugu wa vimelea. Peke yake haionyeshi nani alimwambukiza nani. Kimelea cha kwenye kichanja cha mama kikifanana na cha mgonjwa, inawezekana kichanja kilimwambukiza mgonjwa. Inawezekana pia wote wawili walichota maji mamoja. Bila daftari la mauzo, tarehe na mahojiano, kufanana kwa jenomu hakutoshi kumfungia mtu biashara. Tusiruhusu mashine ya kisasa igeuke fimbo ya kumpigia mnyonge.

Kifanyike nini

Tangu mwaka 2019 udhibiti wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango (TBS). Samaki wana idara yao, mifugo ina yake, na ugonjwa wa binadamu ni wa Wizara ya Afya. Kimelea kimoja kinaweza kupita katika ofisi zote hizo bila ofisi hizo kuzungumza. Napendekeza mambo manne.

Mosi, vimelea vitunzwe. Jenomu haisomwi kwenye karatasi ya majibu. Inasomwa kwenye kimelea chenyewe. Mbeya ina hospitali ya rufaa ya kanda na kituo cha utafiti wa afya cha NIMR. Uwekwe utaratibu kwamba kimelea cha kipindupindu au salmonela kinachopatikana kwa mgonjwa au kwenye chakula katika ukanda huu kinahifadhiwa, kikiwa na tarehe na mahali kilipotoka. Hiyo ni kazi ya jokofu na daftari. Usomaji wenyewe unaweza kufanyika SUA au Dar es Salaam, na siku hizi zipo mashine zinazoenea kiganjani na kufanya kazi zikiunganishwa na kompyuta ya kawaida.

Pili, kanuni iandike kwamba ushahidi wa jenomu unatumika kupunguza eneo la zuio. Mahali ambapo kipimo kimeonyesha ghala moja au mwalo mmoja, mamlaka isiruhusiwe kufunga wilaya nzima bila kutoa sababu kwa maandishi. Naye mwenye mali aelezwe majibu kabla ya magazeti, apewe muda mfupi wa kujibu, isipokuwa maisha ya watu yapo hatarini.

Tatu, tuelewane na Malawi na Msumbiji. Tuliona Aprili 2025 jinsi Tanzania ilivyozuia mazao ya kilimo ya Malawi na Afrika Kusini, kujibu vizuizi vya nchi hizo kwa mazao yetu, kisha ikaondoa zuio baada ya siku chache. Ugomvi ule ulikuwa wa biashara, na hakuna maabara ambayo ingeuzuia. Lakini ugomvi wa aina hiyo hupenda kuvaa koti la afya. Nchi tatu za ziwa moja zikiwa na maktaba moja ya vimelea, koti hilo litakuwa gumu kuvaa.

Nne, gharama isimwangukie mchuuzi wa ndoo. Kipimo hiki ni huduma ya soko zima kama ilivyo barabara. Ilipiwe na bajeti ya serikali na mchango wa wasafirishaji wakubwa wanaofaidika na soko la nje. Tukianza kumtoza mwenye mtumbwi ada ya jenomu, atahamishia samaki wake njia za panya, nasi tutakuwa tumeua taarifa tuliyokuwa tunaitafuta.

Nisieleweke kwamba jenomu inatibu kila ugonjwa wa soko. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda, sababu iliyotajwa ilikuwa sumukuvu, na sumukuvu hupimwa kwa kemia. Wala mpangilio wa vinasaba vya kimelea hautazuia mtu kuchanganya mchele wa kwingineko na kuuita wa Kyela. Kila kosa lina kipimo chake.

Lakini kwa kosa la vimelea kipimo kimekwisha kupatikana, na kimekwisha kuanza kuamua nani auze na nani afungiwe. Msimu ujao wa kakao minada itafanyika kama kawaida, wanunuzi watakuja na bei zao, na mizani ya ghalani itasomwa mbele ya mkulima kwa sababu sheria inataka hivyo. Tuombe sheria itake hivyohivyo kwa mizani hii ya pili, kabla ya shehena ya kwanza kurudishwa.